Lala, Shangazi

Nilipomwosha Shangazi Thuwaiba, mkono wa kulia ndio ulionishinda. Wanawake wenzangu walinipisha nianze mimi, maana nani mwengine aanze? Hakuzaa, mtoto wake ni mimi. Maji ya majani ya mkunazi yalikwisha nukia nyumba nzima, nami kichwa nilikiosha vizuri. Kisha ukaja upande wa kulia. Nilipofika hapo chini ya kiwiko, pale palipobonyea na ngozi ikakunjana, kopo likanitoka mkononi. Mwoshaji akaniambia, "Kaa kitako, mama, tutamaliza sisi." Nikakaa pembeni ya chumba nikalia kwa sauti mpaka wakanitoa nje. Haliliwi maiti namna ile, najua, nimewazika wangapi mimi. Lakini nilikuwa simlilii maiti.

Nyinyi wa rika langu, tulioletwa huku Omani wadogo na vibegi vyetu vya nguo mbili, mtakumbuka kazi tuliyokuwa nayo. Wakubwa wetu walikuja na Kiswahili chao cha mjini Unguja, kizuri, kimekamilika, na Kiarabu chao kilikuwa cha kusalia tu. Sisi watoto tukatiwa skuli, na baada ya miezi kidogo tukawa ndimi za nyumba zetu. Mtoto wa darasa la pili anapelekwa baladia, ofisi ya mji, kusema habari ya maji. Mtoto anasimama dukani kumtetea bibi yake juu ya mchele mbovu. Na raha yake! Msinambie hamkuiona ile raha, ya mtu mzima kukutazama mdomoni na kungoja useme.

Sisi tulikaa nje kidogo ya Ibra, nyumba ya udongo tuliyopewa na jamaa wa Baba, ukingoni mwa wadi, bonde la mto mkavu. Mama yangu alifariki Unguja ningali mchanga. Baba alipata kazi Maskati, akirudi Alkhamisi na kuondoka Ijumaa baada ya chakula. Kwa hivyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: Bibi, mama yake Baba, ambaye alikuwa hapendi chochote katika nchi ile isipokuwa tende, Shangazi Thuwaiba, na mimi. Shangazi ndiye aliyenilea. Alinisuka nywele kila asubuhi kabla ya skuli, nikikaa baina ya magoti yake, akinipiga kidogo na chanuo nikisogea. Alikuwa fundi wa kofia, zile za viua vya sindano, vitundu vidogo hata hujui kaona wapi uzi. Watu wakija kutoka Mudhaibi kumtaka kofia ya harusi.

Na mimi nilikuwa mkalimani wake. Hakwenda mahali bila ya mimi. "Niazime ulimi wako," ndivyo alivyosema, na mimi nikivaa viatu mbio. Nilikuwa nampenda kuliko Baba, na nilikuwa najua, kwa ile akili ya kitoto inayohesabu mapenzi, kwamba ananihitaji kwa ajili ya maneno. Maneno yakinishinda, nitakuwa nani kwake?

Sasa, Kiarabu changu. Mwalimu alikuwa akisema Kiarabu kimoja darasani, na mtaani watu wakisema chengine, chepesi, kinachokatwa katikati. Yale nisiyoyajua niliyatungia njia yangu, na nilijiona mjanja kupita kiasi. Niligundua kuwa Kiarabu ni Kiswahili chenye koo. Ukilitoa koo na ukatia sauti ya mwisho, umelipata neno. Wagt, wakati. Shughl, shughuli. Sandug, sanduku. Meyyit, maiti. Mara nyingi njia ilifika, ndiyo maana nikaiamini. Siku niliyomwambia Shangazi siri ile alicheka akanibusu kichwani, akasema, "Mtoto huyu atakuja kuwa balozi."

Jirani yetu alikuwa Umm Nasir. Ukuta baina yetu ulikuwa mfupi, yeye na mbuzi wake upande ule, sisi upande huu. Mwanamke mrefu, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili ya wadi, na barakoa yake usoni haivui hata akikanda unga. Mimi barakoa ile ilinipa tabu. Watu wengine nilikuwa nikiwasoma uso pale neno linaponipita, lakini Umm Nasir uso wake wote ulikuwa macho mawili na kitambaa cheusi kinachong'aa kwa nili. Alikuwa anampenda Shangazi, kila siku akituma maziwa, na Shangazi akirudisha bakuli lina mkate wa kumimina. Walikuwa wakisimama ukutani wakacheka, na mimi katikati nikigeuza shingo huku na huku.

Ilikuwa msimu ule baada ya mvua. Wadi ilishuka kwa kishindo, ikapita, ikaacha matope na miti mizima imelala kingoni. Kuni za bure! Gesi ilikuwa imeshaanza kuingia Ibra, Baba ametuletea mtungi, lakini Bibi alidai wali wa gesi unanuka skuta, basi Shangazi akawa kila alasiri anakwenda juu ya wadi kuokota. Umm Nasir alimwona akielekea upande wa miamba, kule kwenye mapango. Siku ya pili yake akaja ukutani, hana bakuli, hana salamu ndefu.

"Mwambie shangazi yako," akaniambia, "kule juu kuna dhabu'."

Neno lenyewe lilikuwa na koo mwisho, kama mtu aliyepaliwa. Sikuwahi kulisikia. Nilikuwa nimetoka skuli, njaa inaniuma, jua limenipiga utosini, na Shangazi amenitazama mdomoni anangoja. Nikalitoa koo.

"Anasema kule juu kuna dubu."

"Dubu!" Bibi alikuwa amekaa kwenye jamvi anachagua mchele. Akaitua sinia. "Nchi gani hii tuliyoletwa? Juzi nzige, leo dubu?"

Umm Nasir aliendelea, upesi upesi, anapiga ukuta kwa kiganja. Niliyapata maneno mengine yote, hilo nalisema wazi, wala sijisifu. Nikafasiri: "Anasema ana watoto ndani. Anasema usisimame mlangoni pake. Anasema ukianguka chini, kwake yeye wewe ni maiti."

Kila neno lilikuwa sawa. Nimelirudia mara ngapi katika umri wangu, na kila neno lilikuwa sawa isipokuwa jina la mnyama.

Bibi akatikisa kichwa kwa ujuzi. "Kweli. Marehemu babu yako alimwona dubu Bombei, ana pete ya pua, anachezeshwa ngoma. Mwenye dubu alimwambia: mnyama huyu maiti hamgusi. Ukikutana naye, lala chini, jifanye umekufa, atakunusa aende zake."

"Basi afadhali," alisema Shangazi, na akacheka. "Kulala naweza."

Umm Nasir akaona tumecheka. Macho yake yakanigeukia, yakakaa kwangu. Akaniuliza kama shangazi amefahamu. Akalirudia lile neno, mara hii pole pole, akainamisha mabega na kunyanyua shingo, akatembea hatua chache kwa kuchechemea, mkono mmoja ameutundika juu ya mgongo kuonesha nywele. Mtoto mwengine angelimwuliza: huyo ni nani? Anakula nini? Ni neno moja tu la kuuliza. Lakini nikiuliza nitaonekana sijui, na Shangazi yupo. Nikamwambia, "Amefahamu, khalti, amefahamu."

Kuuliza kungelinigharimu nini? Hebu nambieni.

Basi hata siku nyingi hazikupita. Alasiri, jua limeshalegea, Shangazi mbele amejitanda kanga, mimi nyuma nimebeba kamba na mfuko wa kunazi, natema kokwa. Kuni za karibu zilikwisha, watu wamezichukua. Zilizobaki zilikuwa juu kidogo, gogo moja zuri la msamri, ule mti wa miba, limekwama kwenye mwamba, chini yake kuna tundu jeusi. Shangazi akaliinamia kulivuta. Nilisikia harufu kabla ya kuona kitu. Harufu ya mzoga, na mkojo mkali juu yake. Hapo kwenye changarawe palikuwa na mifupa, kwato za mbuzi, na taya zima la punda lenye meno yake. Mtoto yeyote aliyelelewa kwa hadithi za Kiswahili, ukimwonesha mlango wenye mifupa na uvundo ule, atakwambia wa nani. Mimi niliyaona yote yale, nikaendelea kusema moyoni dubu.

Akatoka. Hakuwa mkubwa kama nilivyomdhania dubu. Mwili wa kijivu una mistari, nyuma mfupi, na nywele za mgongo zimemsimama wima mpaka mkiani. Akasimama hapo mlangoni, ametutazama, halafu akatazama pembeni, kule uwazini. Nami nakwambieni, Shangazi alikuwa anafanya sawa. Hakuna aliyemfundisha, lakini alikuwa anafanya sawa. Aliinuka taratibu, hakumpa mgongo, akaokota jiwe, akaanza kusogea upande, mguu kwa mguu, akimpisha njia. Angalisogea kidogo tena mnyama angalipita, na leo nisingekuwa na kisa.

Nikapiga ukelele. "Lala, Shangazi! Lala! Ni dubu! Jifanye maiti!"

Alinitazama. Sijui alinitazama muda gani, pengine kufumba na kufumbua, lakini nilimwona akiniamini. Akaliachia jiwe, akalala pale pale, kifudifudi, mbele ya tundu, akajifunika kanga mpaka kichwani.

Na mimi nikakimbia.

Wallahi sikufikiri. Miguu ilikwenda, kunazi zimemwagika, kamba imenizonga nikaitupa. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Shangazi, si kilio kwanza, aliita, "Kimbia, mwanangu! Kimbia!" Kisha ndipo kikaja kile kilio. Sitokielezea.

Umm Nasir alinisikia mimi, au alimsikia yeye, sijui. Alikuja anapanda na sufuria na fimbo ya kuchungia, anagonga, anatukana kwa sauti ile yake, matusi ambayo siku ile niliyafahamu yote. Mnyama alikuwa amemkamata mkono anamvuta upande, kama anavyovutwa mzoga. Aliposikia yale makelele akamwacha, akarudi ndani kwa wanawe. Umm Nasir alimfunga mkono kwa shela yake, akambeba mgongoni mpaka chini. Mwanamke yule alikuwa na nguvu. Jirani mmoja mwenye pikapu akawapeleka hospitali, Bibi kapanda nyuma bila ya viatu, na mimi nikaachwa mlangoni.

Asubuhi wanaume wa mtaa walikwenda na bunduki. Wakamleta amefungwa miguu kwenye mti, wakamtupa njiani chini ya ukuta wetu, na watoto wote wakaja kumpiga mawe. Mimi nilisimama mbali. Hapo Bibi alikuwa amerudi kutoka hospitali, macho mekundu, hakulala. Akawapasua watu kwa kiwiko, akainama kumwona huyo dubu.

 Halafu akasema, polepole, "Fisi."

Hakuna aliyekuwa akijua Kiswahili pale isipokuwa mimi.

"Fisi huyu," akasema tena. "Fisi! Mla mizoga! Nani amesema dubu? Nani atamlalia fisi chini ajifanye mzoga?" Akainua uso akanitafuta baina ya watoto, akaniona. "Njoo hapa wewe."

Nikaja.

"Huyu kwa Kiarabu anaitwaje?"

Umm Nasir alikuwepo, akajibu yeye, maana aliona kidole cha Bibi. "Dhabu'."

Bibi alinishika bega. Hakunipiga. Laiti angelinipiga. Aliniuliza tu, na swali lile mpaka leo nimekaa nalo: "Na wewe, kama uliamini kuwa ukilala hakugusi, mbona wewe hukulala?"

 Nilijaribu kulitafuta jibu pale pale, nikitazama mdomo wa yule mnyama, ulimi umetoka una mchanga. Ninalo jibu sasa na si zuri. Nilikuwa najua kuwa sijui. Chini kabisa, chini ya ule ujanja wa makoo, nilikuwa najua kuwa neno lile nimelibuni, na roho yangu mwenyewe sikuitia rehani kwa neno la kubuni. Ya Shangazi niliitia.

Umm Nasir, yeye aligombana na wanaume. Alisimama juu ya yule fisi mikono kiunoni, anasema mnyama alikuwa mlangoni kwake, ana watoto, mtu akikulalia mlangoni utafanya nini? Walimcheka. Vitoto vya fisi havikutoka. Mbuzi wa Umm Nasir walipopita njia ile, alisema, vilikuwa vikisikika ndani vinalia. Baadaye havikusikika. Hivyo navyo nimevihesabu juu yangu, ingawa hakuna aliyewahi kunidai.

Mjukuu wangu ana filamu zake za wanyama. Siku moja alinikalisha nitazame ya dubu, dubu wenyewe khasa, wa nchi za theluji. Nilikaa nikatazama mpaka mwisho, na mtoto yule hakujua kwa nini. Wanasema dubu hamshambulii mtu kwa uadui. Humshambulia akishtuliwa, au akiwa na watoto na wewe umeingia kati, au ukimkuta juu ya chakula chake, au umemzoesha makombo yako mpaka kakuona ghala. Wanasema usikimbie, maana kinachokimbia hufukuzwa. Sema naye kwa sauti ya chini, rudi nyuma taratibu, mwachie njia. Na hata huku kulala kwa Bibi, lo! Kumbe kuna dubu wa kulaliwa na kuna dubu wa kupigana naye mpaka mwisho, na ukiwakosea umekwisha. Wa kahawia akikurukia unalala. Mweusi ukimlalia amekupata. Mjukuu wangu akaniambia, "Kwa hivyo, bibi, lazima kwanza umjue ni nani." Nikamwambia ndiyo, baba, lazima kwanza umjue ni nani. Nikaondoka kwenda kutia maji ya chai.

Shangazi alikaa hospitali muda mrefu. Ibra hawakuweza, wakampeleka Maskati. Mfupa ulisagika, kidonda kikaoza kikasafishwa tena na tena, na juu ya hayo akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, za tumboni, moja baada ya moja. Baba alikuwa akimwona kila siku baada ya kazi. Aliporudi Alkhamisi nilikaa nyuma ya mlango nikimsikiliza akimhadithia Bibi, nikingoja aje kwangu na fimbo. Hakuja. Siku moja alinita akaniambia, "Shangazi yako anakusalimu. Anasema ni yeye aliyekwambia ukimbie, na umefanya vizuri kumtii." Akanipapasa kichwa, na nywele zangu zilikuwa timutimu, maana Bibi macho yake yalikuwa hayaoni kusuka.

Nilikuwa nishakimbia. Aliposema kimbia, mimi nilikuwa nishafika kwenye mchanga. Yeye anajua hivyo na mimi najua, na hapo kati amenitandikia neno lake ili nikanyage.

Tulikwenda kumtazama mara moja. Chumba cha wanawake, vitanda vimepangana, wote Waarabu, wengine kutoka Samail, wengine kutoka Sur, na Shangazi katikati yao, mkono umening'inizwa. Nilimwendea nikasema, "Shikamoo, Shangazi." Akasema, "Marahaba, roho yangu. Mbona kichwa chako hivyo? Nani aliyekuacha utoke hivyo?" Akajaribu kunisuka kwa mkono wa kushoto, hapo hapo kitandani, akashindwa, akacheka. Kitanda cha pili mwanamke akamwambia kitu kwa Kiarabu, na kabla sijafungua mdomo kufasiri, Shangazi akamjibu. Maneno mawili matatu, yamevunjika. Mwanamke akacheka naye. Nilidhani amebahatisha.

Alirudi nyumbani mkono umepona, vidole havifungi. Sindano haikai, chanuo halikai. Kofia aliyokuwa ameianza, upande mmoja una viua na upande mmoja kitambaa kitupu, aliikunja akaitia sandukuni, na watu wa Mudhaibi tukawaambia fundi ameacha. Mimi ndiye niliyewaambia, kwa Kiarabu safi. Hakuna siku aliyonilaumu. Ningalikuwa na jambo la kumshitakia, ningaliona nafuu. Alinipenda vile vile, akanipakulia chakula kwa mkono wa kushoto, akaninunulia viatu vya Idi, akinita roho yangu, balozi wangu. Nyumba nzima ilinisamehe, mpaka Bibi, aliyekuwa hasamehe hata kuku.

Basi alasiri moja nilikuwa ndani nafanya kazi ya skuli, nikasikia Umm Nasir anabisha ukutani. Niliruka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa siku ile, wallahi. Miezi yote ile nilikuwa nikimwuliza mwalimu kila neno, nikiwauliza wasichana majina ya wanyama wote, wa mwituni na wa nyumbani, wanaouma na wasiouma, nikiyakariri njiani. Nilisema, safari hii nikikosa neno nitauliza, nitauliza hata mara kumi. Nikavaa viatu mbio nikatoka uani.

Shangazi alikuwa ameshafika ukutani. Ameegemea kwa kiwiko kizima, na Umm Nasir upande ule amemwinamia. Nikaja nikasimama katikati, mahali pangu, nikamtazama Umm Nasir, nikafungua mdomo.

Shangazi akaniwekea mkono begani, ule wenye vidole vilivyonyooka. "Ingia ndani, mwanangu, kapumzike," akasema, kwa upole, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. "Huyu namfahamu mwenyewe."

Nikarudi ndani. Nikakaa juu ya jamvi, daftari mapajani, na dirisha lilikuwa wazi. Kiarabu chake kilikuwa cha kuchekesha, hana koo hata kidogo, na Umm Nasir akimrekebisha, na yeye akirudia mpaka liwe. Kila asilolijua alikuwa akiuliza. "Hii nini? Na hii nini?" Wakazungumza mpaka adhana ya magharibi. Mengine niliyafahamu, mengine yalinipita, na kulikuwa na jambo moja wamelicheka sana, wamelirudia, wakalicheka tena. Sikujua ni nini. Nilingoja aingie ndani anambie, akaingia, akatawadha, akasali, akapika. Hakuniambia, na tangu siku ile mpaka nilipokuwa namwosha, hakuniuliza maana ya neno lolote.